Simu ya Mkono na Mzazi Aliye Mbali



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, wazazi waheshimiwa na wanafunzi wetu wapenzi, katika jarida letu la mwaka huu tumeombwa tuandike juu ya simu za mkono, maendeleo yake na manufaa yake. Mada yenyewe tuliiona nyepesi. Tulidhani tutaandika faida upande huu na madhara upande ule, kisha tufunge kwa dua. Lakini lipo jambo lililotokea hapa hapa madrasa yetu ambalo limetukaa moyoni, na tumeona si insafu kuandika juu ya simu huku tukilificha.

Wazazi watakumbuka kuwa miaka miwili iliyopita sisi walimu tulikaa na kamati tukapitisha sheria kwamba simu haitaingia ndani ya ua wa madrasa, iwe ya mwanafunzi, ya mzazi au ya mwalimu. Sababu zilikuwepo. Mwanafunzi wa darasa la juu alikutwa akitazama mpira, simu ameiegemeza ndani ya juzuu. Simu ya mwalimu mmoja nayo ililia taarabu tukiwa katika rakaa ya pili ya Adhuhuri, na tusifiche, simu hiyo ilikuwa yetu sisi tunaoandika makala haya. Sheria ikapita bila ya mtu kuipinga.

Mwaka jana, baada ya Idi ndogo, siku ya Jumamosi mnamo saa nne asubuhi, alifika mlangoni bibi mmoja mtu mzima, ameshika simu ndogo aliyokuwa ameifunga kwenye pindo la kanga. Mjukuu wake, mtoto wa miaka tisa, yumo katika darasa letu la Juzuu Amma. Mamake mtoto huyo anafanya kazi za nyumbani Muscat, na ulikuwa ni mwaka wa pili hajarudi. Siku za Jumamosi watu wa nyumba ile huenda kuzuru jamaa zao, na hapo ndipo yeye hupata nafasi, saa tano za huko, ambazo kwetu ni saa nne. Simu ilikuwa imeshaunganishwa. "Maalim, mamake huyu hapa," akatuambia, "dakika mbili tu." Tukamjibu kwa adabu, "Bi Mkubwa, sheria tumeipitisha sote. Na asubiri saa sita watakapotoka." Akasema, "Saa sita atakuwa jikoni, maalim."

Tulimkatalia. Akaiweka simu sikioni akasema, "Wamekataa, mwanangu," kisha akaketi chini ya mwarobaini akizungumza naye mwenyewe mpaka salio likaisha. Jumamosi tatu alikuja, na zote tatu tukamrudisha. Ya nne hakuja.

Mwisho wa mwezi tulikuwa tukisikiliza hifdhi. Mtoto yule akasoma Suratun Nabaa yote, aya 40, bila ya kukosea hata pahali pamoja. Tukamuuliza mbona hakutuambia kuwa ameimaliza. Akajibu kuwa ameimaliza kitambo, ila alikuwa akingoja amsomee mamake kwanza.

Ndugu msomaji, hapo ndipo tulipojiona. Sisi ndio tunaowafundisha watoto hawa haki ya mama, na uzito wa kuunga jamaa, na ubaya wa kukata udugu. Kisha Jumamosi saa nne tukasimama mlangoni tukamzuia mama asisikie sauti ya mwanawe. Kosa letu halikuwa kupenda nidhamu. Kosa letu ni kuwa tuliitungia simu sheria bila ya kujiuliza kwanza simu hii ni kitu gani, ilikujaje, na hasa imekuja kumfaa nani. Basi na tuulize leo, ijapokuwa tumechelewa.

Neno lenyewe, simu, asili yake ni Kiajemi na maana yake ni waya. Wazee wetu waliona waya umetandazwa juu ya nguzo na maneno yanapita humo, wakaita simu. Baadaye yalipokuja mawasiliano ya redio wakayaita simu ya upepo, na kwa maoni yetu jina hilo ndilo lingeifaa zaidi simu ya leo, kwani haina waya hata kidogo. Sauti yako inageuzwa kuwa mawimbi ya redio ambayo hayaonekani wala hayasikiki, yanayokwenda kwa kasi ya kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Mawimbi hayo Mwenyezi Mungu ameyaumba zamani na yalikuwepo siku zote. Mjerumani Heinrich Hertz ndiye aliyethibitisha kuwepo kwake katika miaka ya 1880, na mwaka 1901 Marconi akafanikiwa kupokea ishara zilizovuka bahari ya Atlantiki. Kwa muda mrefu waliofaidika zaidi walikuwa ni manahodha wa meli na wanajeshi.

Kilichokwamisha mambo ni uchache wa masafa. Mwaka 1946 mji wa St. Louis huko Marekani ulianza kuwa na simu ndani ya magari, lakini njia za hewani zilikuwa chache mno, watu wachache tu wakiongea basi wengine wote wangoje. Mwaka uliofuata wataalamu wa maabara ya Bell wakatoa wazo ambalo ndilo msingi wa simu zote za mkono mpaka leo. Wanafunzi wetu watalifahamu upesi kwa sababu wanaliishi kila siku. Zamani madrasa yetu ilikuwa ni ukumbi mmoja, na wawili wakisoma kwa sauti pamoja hakuna aliyesikika. Tulipojenga kuta, darasa la kwanza likaweza kusoma kwa sauti wakati ule ule ambao darasa la nne nalo linasoma, wala hawasumbuani, maana sauti ya kila mmoja inaishia ukutani kwake. Basi hivyo ndivyo walivyofanya. Badala ya mnara mmoja mkubwa wenye nguvu nyingi kwa mji mzima, waligawanya mji katika vieneo vidogo vidogo, kila kimoja na mnara wake wenye nguvu ndogo, na masafa yaliyotumika hapa yakaweza kutumika tena kule mbele bila ya kugongana. Ukipanda matatu kutoka Likoni kwenda Ukunda huku unaongea, mnara mmoja unakukabidhi kwa mwingine njia nzima, wala wewe huna habari.

Wazo hilo lilikaa miaka mingi likingoja vyombo. Tarehe 3 Aprili 1973 mhandisi Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alisimama katika barabara ya New York akapiga simu ya mkono ya mwanzo, chombo cha uzito unaozidi kilo moja, na aliyempigia alikuwa ni Joel Engel wa maabara ya Bell, mshindani wake. (Binadamu ni binadamu.) Tokyo ilipata mtandao wake mwaka 1979. Simu ya Motorola iliingia sokoni Marekani mwaka 1983 kwa bei ya dola 3,995. Mwaka 1991 Finland ikaanzisha mfumo wa GSM, ambao huigeuza sauti kuwa tarakimu kabla ya kuirusha, na mwaka 1992 ukatumwa ujumbe mfupi wa maandishi wa mwanzo. Hesabu zinazoendesha kazi hiyo hufuata kanuni za hatua kwa hatua ambazo wataalamu wa kizungu huziita kwa jina lililotokana na Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Tunalitaja hili kwa wanafunzi wanaodhani kuwa hesabu ni somo la watu wengine.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 2000 nchi nzima ya Kenya, yenye watu wapatao milioni 30, ilikuwa na laini za simu za waya zipatazo 300,000, na nyingi zilikuwa Nairobi na miji mikubwa. Kijiji chetu hakikuwa nayo hata moja. Aliyetaka kumpigia jamaa yake alivuka feri ya Likoni, akapanga foleni posta ya Mombasa, akalipa, na huenda aliyempigia asiwepo. Habari ya msiba ilifika watu wameshazika, na wengine tunakumbuka mazishi ya wazee wetu ambayo hatukuwahi.

Mwaka huo huo wa 2000 makampuni mawili ya simu za mkono, Safaricom na KenCell, yalianza kushindana. Watu wengi hudhani kilicholeta mageuzi ni kile chombo chenyewe. Sisi tunaona ni mambo mawili yasiyopewa sifa yake. La kwanza ni kuwa mnara mmoja unatosha kijiji kizima, haulazimu kuchimbia nguzo mpaka kwa kila nyumba, na kwa hivyo kuifikia nyumba ya makuti ni sawa na kuifikia nyumba ya ghorofa. La pili ni kadi ya kukwaruza. Simu ya waya ilitaka mkataba, amana na bili ya kila mwezi, na mjane asiye na mshahara angeyatoa wapi? Kadi ilimruhusu anunue kwa kadiri ya alichonacho, na kadi zikashuka mpaka za shilingi 20 na hata 10. Asiyekuwa na hata hiyo alibip. Tulikuwa na lugha nzima ya kubip: mara moja nimefika salama, mara mbili nipigie wewe mwenye uwezo. Makampuni hayakupata senti kwa mlio ule, lakini maskini alikuwa ameingia katika mazungumzo ya watu. Leo laini zinazotumika Kenya zimezidi idadi ya watu wenyewe.

Wazee wetu waliokuwa na jamaa Oman walingoja msimu. Barua ilikwenda na jahazi upepo wa kusi ukivuma, na jawabu likaja na kaskazi, mwaka ukapita baina ya swali na jibu. Sauti ya mama yule wa Muscat inapitia bahari hiyo hiyo, ila kwa chini. Simu yake inaongea na mnara wa karibu naye tu. Kutoka mnarani sauti hupita kwenye nyaya za kioo, nyembamba kama unywele, zinazobeba mwanga, na zipo zilizotandazwa chini ya bahari. Waya mmoja wa namna hiyo, uitwao TEAMS, umelazwa kutoka Fujairah katika nchi za Falme za Kiarabu, jirani kabisa na Oman, mpaka Mombasa, urefu wake ukikaribia kilomita 5,000, na ulianza kazi mwaka 2009. Mwaka huo huo ulifika na waya wa SEACOM. Kabla ya hapo Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, ghali na yenye kuchelewesha sauti, unasema neno ukangoja mpaka umedhani mwenzio amekasirika. Wimbi hukamilisha safari hiyo kwa hatua za mwisho, kutoka mnara wetu hadi pindo la kanga.

Ng'ambo ya bahari hii, kule Malabar ambako majahazi yetu yalikwenda kuchukua mbao na pilipili, upo mfano ambao tungependa kila mvuvi wa pwani hii ausome. Katika jimbo la Kerala wavuvi wengi huvua dagaa wa bahari, jamaa ya wale tunaowaita simu (naam, kwetu na samaki pia yuko aitwaye simu). Desturi yao ilikuwa kila mvuvi kurudi ufuo wake. Tarehe 14 Januari 1997 katika ufuo wa Badagara wavuvi 11 walimwaga samaki wao wote kwa kukosa mnunuzi, na wakati ule ule, masoko yaliyo ndani ya kilomita 15, wanunuzi 27 walikuwa karibu kurudi nyumbani mikono mitupu. Samaki walikuwepo, wenye haja nao walikuwepo, na saa moja tu ya mwendo ilikuwa baina yao. Hakukuwa na wa kuwaambia.

Mwaka ule ule minara ikaanza kujengwa katika pwani hiyo, na mawimbi yake yaliwafikia wavuvi hadi kilomita 20 au zaidi baharini. Mvuvi akawa anauliza bei za fuo mbali mbali kabla ya kugeuza chombo. Mtaalamu wa uchumi Robert Jensen alizifuatilia bei hizo tangu kabla ya simu mpaka baada yake, na mwaka 2007 akatoa matokeo. Kumwaga samaki kulikoma karibu kabisa. Faida ya wavuvi ilipanda kwa asilimia 8 hivi, na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Tafadhali tazama vizuri hapo. Muuzaji amepata zaidi na mnunuzi amelipa kidogo, wala hakuna aliyedhulumiwa. Ile iliyookolewa ni riziki iliyokuwa ikioza ufuoni. Tunaofundisha watoto uharamu wa israfu tuna la kujifunza katika simu ya mvuvi yule.

Kuhusu fedha hatuna haja ya kwenda mbali. Kabla ya mwaka 2007 mtu akitaka kumtumia mamake shilingi elfu moja kutoka Nairobi, aliitia katika bahasha akampa kondakta wa basi, akaomba dua. Huduma ya M-Pesa ilianza rasmi Machi 2007. Ilikuwa imejaribiwa tangu mwaka 2005 kwa nia ya watu kulipia mikopo midogo midogo, lakini wananchi wenyewe wakaitumia kwa walilokuwa wakilihitaji zaidi, kutumiana fedha wao kwa wao. Mwaka 2016 watafiti Tavneet Suri na William Jack walitoa hesabu kwamba huduma hiyo ilizitoa nyumba zipatazo 194,000 za Kenya katika umaskini, sawa na asilimia 2 ya nyumba zote, na kwamba nyumba zinazoongozwa na wanawake ndizo zilizofaidika zaidi. Hatushangai. Mwanamke aliyekuwa akingoja bahasha ipite mikono ya wanaume watatu, leo anaipokea mwenyewe, kwa jina lake na nambari yake ya siri. Hata ada za madrasa yetu nyingi huja kwa simu, na zipo zinazotoka Muscat, Jeddah na Doha.

Tusije tukaambiwa kuwa tumepofushwa na mapenzi. Madhara yapo na tunayajua. Mikopo ya simu inatutia hofu. Mkopo wa mwanzo mashuhuri wa namna hiyo hapa nchini, ulioanza mwaka 2012, ulitoza asilimia 7.5 kwa siku 30, ukaitwa ada ya huduma. Kwetu sisi hiyo ni riba, hata ikiitwa kwa jina gani, na kuipata kwa kubonyeza vitufe vitatu usiku ukiwa kitandani kunaifanya iwe ya hatari zaidi kuliko ya mkopeshaji wa sokoni, ambaye angalau ulimwendea kwa miguu na ukaona haya. Wapo pia matapeli wa ujumbe wa "nimekutumia fedha kimakosa, nirudishie." Wazazi, tazameni salio lenu kabla ya kutazama ujumbe, na nambari ya siri asipewe mtu, hata mwanao mpenzi.

Na zipo habari za kurushiana. Mwaka mmoja, usiku wa kuamkia tarehe 30 ya Ramadhani, ulizunguka ujumbe kuwa mwezi umeonekana, na kila aliyeupata akawatumia kumi. Nyumba nyingi hapa mtaani zikakanda unga. Baadaye Kadhi Mkuu akatangaza tukamilishe 30. Mahamri ya Idi tuliyala daku. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuifuata, na tunawaomba vijana wetu waisome aya hiyo pamoja na tafsiri yake kabla ya kubonyeza kitufe cha kusambaza.

Lakini kubwa linalowaudhi wanakamati ni simu za kisasa mikononi mwa watoto, zile za kioo, zenye video na michezo. Hapa tuko pamoja nao moja kwa moja. Mtoto wa miaka tisa hana kazi na simu ile, wala wa kumi na mbili hana, na macho yanayokesha usiku hayahifadhi asubuhi. Ila na tuambiane ukweli: hakuna mtoto hapa aliyejinunulia simu. Ananunuliwa, anawekewa bando, na anapewa ili anyamaze mama apike au baba atazame mpira wake. Sheria ya mlangoni haiwezi kulitengeneza hilo. Tulimzuia nyanya mwenye simu ya mulika mwizi, isiyo na video wala mchezo wowote, tukadhani tumepambana na fitina, na yule aliyekuwa na simu ya kioo ndani ya juzuu tayari alikuwa ameshaingia.

Hivyo basi, katika mkutano wa wazazi utakaofanyika kabla ya Ramadhani, sisi tunaoandika tutaomba sheria ile ibadilishwe, na tunaandika hapa mapema ili kila mtu aje amefikiri. Simu za wanafunzi ziendelee kukatazwa. Simu za walimu zizimwe tunapoingia darasani na msikitini, kuanzia yetu. Lakini madrasa iwe na simu moja ya mulika mwizi, ikae kwa mwalimu wa zamu, na nambari yake wapewe wazazi na walezi. Mtoto ambaye mzazi wake yuko nje ya nchi, au amelazwa, au yuko baharini, aitwe darasani simu yake ikiingia, aketi chini ya mwarobaini, azungumze, arudi. Tumehesabu katika daftari tukawakuta watoto 11 wenye baba au mama aliye nje. Dakika zao zote kwa wiki hazifiki muda tunaoupoteza sisi kutafuta chaki.

Mwanakamati mmoja tunayemheshimu sana ametuambia kuwa tukifungua dirisha hili, kesho kila mzazi atapiga kumuuliza mtoto kama amekula. Huenda akapiga. Mwalimu wa zamu ana ulimi, atamjibu kuwa mtoto hajambo na yuko darasani. Ametuuliza pia nani atalipia. Simu zenyewe zinaingia, hazitoki, na anayepiga ndiye anayelipa. Cha kutugharimu ni kuichaji tu, na umeme tunao, siku ambazo hatukatiwi. Kwa hili la tatu hatukubaliani naye: alisema kuwa watoto wa walio mbali hawana budi wazoee. Wamezoea, bwana. Ndilo linalotusikitisha.

Kwa idhini ya mwalimu mkuu tumeshaanza kujaribu, mpaka mkutano utakapoamua. Tulimwendea nyanya yule nyumbani kwake tukamtaka radhi, akatusamehe kabla hatujamaliza maneno, akatupikia chai. Jumamosi iliyopita saa nne simu iliingia. Mtoto akaketi chini ya mwarobaini, akaanza Suratun Nabaa, na sisi tukasogea kando, lakini tulimsikia. Alifika aya ya 31 salio la mamake likakatika. Ametuomba tumtilie alama hapo kwa penseli, ili Jumamosi ijayo asisahau pa kuanzia.

Wabillahi tawfiq.